Filamu ya nyota wa roki kwa bajeti ya harusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mhariri wa picha niliyeingia kwenye uongozaji kwa kiherehere, hapa Dar es Salaam. Nimeshiriki filamu mbili za wanamuziki, zote za hela ya kuungaunga, na tangu hapo simu haziishi. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeona niyajibu mara moja. Sikuyapanga kwa uzito. Mwenye haraka asome la kwanza, mengine yote yanatokana na hilo.

Nimeshapata kamera nzuri. Nianze na nini?

Iweke kabatini. Anza na wimbo.

Filamu nzima inamwambia mtazamaji kwamba nyota wako anajaza uwanja. Sasa siku ya siku anashika maiki, wimbo unatoka wa kawaida tu. Hapo hakuna lenzi itakayokuokoa. Mtu atavumilia picha yenye chengachenga, atavumilia hata ukuta wa seti unaotikisika mlango ukifungwa. Nyota asiye na wimbo hamvumilii.

Siku hizi, kabla sijaandika ukurasa wa kwanza wa skripti, nadai nyimbo tatu zilizokamilika: ule anaoupiga akiwa hajulikani, ule uliompa jina, na ule anaoshindwa kuumaliza. Ukiwa na hizo tatu, hadithi inaanza kujipanga, maana umeshajua huyu mtu analilia nini. Bendi zenye nyimbo nzuri na hazina hata video moja zimejaa kila mji. Zitafute, kaa nazo kwenye mazoezi wiki mbili tatu, kisha mwandikiane mkataba.

Bajeti ndogo ni shilingi ngapi?

Inategemea nani anasema. Once, filamu ya mwimbaji wa mitaani wa Dublin, ilipigwa kwa siku 17 kwa kama yuro 112,000. Control, filamu ya Ian Curtis, mwimbaji wa bendi ya Joy Division ya Uingereza, ilifika kama yuro milioni 4.5, sehemu kubwa ikitoka mfukoni kwa mwongozaji wake Anton Corbijn, na kwao hiyo nayo ni ndogo. Kwetu, bajeti ndogo ni hela ya harusi ya kawaida ya Dar: ile ambayo kamati ya watu kumi na tano inaweza kuichangisha kwa miezi minne ikisumbua kila namba iliyomo kwenye simu.

Kinachowashangaza wageni wa kazi hii ni kwamba hela haiishii kwenye kamera. Inaishia tumboni na barabarani. Chukua timu ya watu 14, milo miwili kwa siku, mama lishe anakutoza 5,000 kwa sahani. Hiyo ni 140,000 kwa siku. Siku 12 za kupiga picha ni 1,680,000 na hujanunua hata maji. Ongeza nauli ya usiku, maana tamasha hupigwa usiku na daladala hakuna, kila mtu arudi kwa bodaboda. Kwa hiyo kabla ya kupunguza vifaa, punguza siku, na kabla ya kupunguza siku, punguza lokesheni. Kila mnapohama mahali mnapoteza nusu siku mkikunja waya.

Naweza kutengeneza filamu ya msanii wa kweli bila kumwomba ruhusa?

Tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: maisha yake na nyimbo zake.

Maisha yaliyoandikwa magazetini, kwamba alizaliwa wapi, alivunja bendi lini, alimwoa nani, hakuna mtu anayeyamiliki kama shamba. Unaweza kuyasimulia, mradi usizushe. Hata kama msanii ni marehemu, mjane wake, meneja wake na mpiga besi aliyebaki hai wanakashifika vizuri sana. Hapo mlipe wakili asome skripti. Ni gharama ya siku moja.

Nyimbo ni habari nyingine kabisa. Kila wimbo una tabaka mbili za haki: utunzi, yaani maneno na melodia, na rekodi, yaani ule mkanda wenyewe. Mwenye moja si lazima awe mwenye nyingine. Kwetu hili ni gumu zaidi, kwa sababu bendi nyingi za zamani zilirekodi Radio Tanzania. Utamkuta mtunzi yuko Magomeni anakupokea kwa chai, lakini kanda iko kwingine na ina wenyewe. Ukiurudia wimbo na bendi yako, umeikwepa rekodi. Kwa utunzi bado unadaiwa. Kwa sheria ya Tanzania na ya Kenya, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza ni miaka 70. Ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, ndiko pa kuanza kuulizia.

Ukinyimwa nyimbo, yaliyowapata wenzetu yanafundisha. Mwaka 2020 ilitoka Stardust, filamu ya mwanaroki Mwingereza David Bowie akiwa kijana ziarani Marekani, bila wimbo hata mmoja aliotunga Bowie. Hawakupewa. Mwigizaji akaimba nyimbo za watu wengine ambazo Bowie aliwahi kuziimba. Watazamaji walikaa saa nzima na ushee wakisubiri kitu kisichokuja, kama mtu aliyealikwa pilau akapewa harufu.

Sasa mfuatilie mwongozaji Mmarekani Todd Haynes. Mwaka 1987 alitengeneza filamu fupi ya maisha ya mwimbaji Karen Carpenter akitumia wanasesere wa Barbie badala ya waigizaji, na akaweka nyimbo zenyewe za The Carpenters bila kibali. Kaka wa marehemu alishtaki, na mwaka 1990 filamu ikaondolewa kwenye mzunguko. Miaka kadhaa baadaye Haynes akataka kutengeneza filamu ya enzi ya roki ya kumetameta ya Uingereza. Bowie akakataa kutoa nyimbo. Safari hii Haynes hakubishana na mtu. Akabuni nyota wake mwenyewe, Brian Slade, akampa nyimbo mpya na nyimbo za wasanii wengine, na Velvet Goldmine ikatoka 1998. Anayemjua Bowie anamwona, na asiyemjua anapata hadithi iliyokamilika.

Ushauri wangu umelalia huko: buni nyota wako. Utalala usingizi.

Nataka kufanya utoto wa Freddie Mercury, Zanzibar. Nitaweza?

Swali hili naulizwa na kila kijana wa Unguja mwenye kamera, na huwa nalipenda, maana ndani yake kuna mlango ambao wengi hawauoni. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Queen ilianza 1970. Hesabu mwenyewe: utoto wote unaisha kabla wimbo wa kwanza wa Queen haujatungwa. Filamu ya mtoto wa Kiparsi anayepiga piano kwenye nyumba ya Mji Mkongwe haihitaji noti hata moja ya Queen.

Shida itakuja kwenye bango na kwenye kionjo, ukishawishika kuweka ule mdundo wa makofi wa Queen ambao dunia nzima inaujua. Usishawishike. Halafu kumbuka bado ana ndugu walio hai. Waandikie barua ya heshima kabla hawajakusoma gazetini.

Nikitumia sekunde saba tu za wimbo, si ruksa?

Hapana. Wengine husema kumi, wengine thelathini. Hakuna kifungu cha namna hiyo. Kupandisha sauti kidogo ili usitambulike nako hakusaidii: YouTube ina mfumo wa mashine unaolinganisha sauti ya video yako na maktaba ya wenye haki, na unazitambua nyimbo hata kwenye kelele za baa.

Kelele za baa zinanikumbusha kosa langu mwenyewe. Tulipiga tukio la wapenzi wakigombana chumbani, mwigizaji wa kike alilia machozi ya kweli, wote tukashikwa na kigugumizi. Kwenye meza ya kuhariri ndipo nikausikia: jirani alikuwa anapiga dansi la zamani, taratibu, chini ya kila neno. Ruhusa hatuna, na hata tungekuwa nayo, kila nilipokata picha wimbo uliruka kama kanda iliyokwaruzwa. Dada wa watu alikuwa keshaenda Mwanza. Tulimrekodi upya kwa sauti tupu, ndani ya gari lililofungwa vioo, na machozi yale hayakurudi. Tangu siku hiyo kuna mtu wangu mmoja ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba tano za jirani na soda mkononi, kuomba dakika ishirini za ukimya.

Nimtafute mwigizaji nimfundishe gitaa, au mpiga gitaa nimfundishe kuigiza?

Kwa bajeti yetu, mpiga gitaa. Bila kuwaza mara mbili.

Mwigizaji wa kufundishwa anahitaji miezi, na miezi ni hela. Waigizaji wa Control walijifunza mpaka wakazipiga nyimbo za Joy Division wenyewe mbele ya kamera, na inaonekana. Lakini walikuwa na muda wa kulipwa. Once ilimchukua Glen Hansard, mwanamuziki wa siku zote, na Markéta Irglová, mpiga kinanda kijana, na wimbo waliouimba ukapata Oscar mwaka 2008.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Agadez, Niger. Mdou Moctar, mtu wa kabila la Watuareg wa jangwa la Sahara anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, alijitengenezea gitaa lake la kwanza kwa mbao na nyaya za breki za baiskeli. Nyimbo zake zilisambaa Sahel kwa watu kurushiana kwenye simu kabla hajajulikana nje. Mwaka 2015 alicheza filamu ya Christopher Kirkley inayofuata mkondo wa Purple Rain, yaani Mvua ya Zambarau, filamu maarufu ya mwanamuziki Prince: kijana mwenye pikipiki ya zambarau, mpinzani jukwaani, baba asiyetaka kusikia habari za gitaa. Inatajwa kuwa filamu ya kwanza ya kubuni kwa lugha ya Watuareg, Kitamasheki. Jina lake ni refu, Akounak Tedalat Taha Tazoughai, kwa kuwa Kitamasheki hakina neno la zambarau. Ikabidi waseme mvua ya rangi ya bluu yenye wekundu kidogo ndani yake.

Mwanamuziki asiye mwigizaji usimpe mazungumzo marefu. Mpe kazi ya mikono: abadilishe nyuzi, atafute waya ulioharibika, apigie simu mtu asiyepokea. Uso wake utafanya yaliyobaki.

Jukwaani tupige laivu au plebeki?

Vyote viwili, kwa mpangilio. Wimbo urekodiwe studio kwanza. Siku ya kupiga picha unaufungulia kwenye spika kubwa, na mbele ya wimbo umeweka milio mitatu ili kila mmoja aanze pamoja na mhariri apate pa kushikizia. Studio nyingi hutoa wimbo kwa kipimo cha sampuli za sauti cha kilohezi 44.1, filamu inataka 48. Ugeuze mapema, kabla haujafika seti, kila mashine isome faili moja.

Mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote, hata kama sauti hiyo hutaitumia. Ukimwona mtu anachezesha midomo tu, shingo yake inamsaliti: mishipa imelala. Mpiga dramu naye ndiye shida kubwa, maana akipiga kweli anaifunika spika na akijifanya kupiga, fimbo zinaelea hewani. Tandaza taulo juu ya ngoma, na matoazi uyabandike utepe kwa chini. Picha haitaonyesha.

Ukishapata picha zako, rudieni wimbo mara moja laivu bila spika ya plebeki, rekoda ikiwa katikati ya ukumbi. Ile pumzi, ule mlio wa jaki ikichomekwa kwenye amplifaya, yule mtu anayekohoa, ndivyo utakavyovichanganya baadaye ili wimbo wa studio usikike kama uko ndani ya chumba.

Na zima friji za baa. Zinavuma, huzisikii mpaka umefika nyumbani. Mimi huacha funguo za pikipiki ndani ya friji niliyoizima, ili nisiweze kuondoka bila kuiwasha. Mwenye baa mmoja aliwahi kukuta nyama yake imeharibika kabla sijajifunza hilo, nikailipa.

Umati wa watu elfu kumi nitautoa wapi?

Huuhitaji. Unahitaji watu arobaini na taa nyuma yao.

Wapange wabananie safu tatu mbele ya jukwaa, kamera iwe chini, moshi kidogo, na taa kali itokee upande wa pili ili mikono iliyoinuliwa iwe vivuli. Picha inayofuata, wa mbele warudi nyuma, wabadilishane mashati na kofia. Usionyeshe ukingo wa umati hata mara moja. Kisha zima kamera uwarekodi sauti peke yake: washangilie karibu na maiki, wasogee hatua ishirini, warudie, wageuke ukutani, warudie tena. Ukizipandanisha sauti hizo zote una uwanja.

Njia ya pili ni kuomba dakika ishirini kwenye tamasha la kweli, kati ya bendi na bendi. Mwambie mshereheshaji awatangazie watu ukweli kwamba ni filamu. Watanzania wakiambiwa wanapigwa picha wanashangilia kuliko walivyomshangilia msanii waliyemlipia.

Taa za jukwaa zinapepesa kwenye picha. Kamera mbovu?

Kamera haina kosa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Taa za bei rahisi za LED zinaweza kukusumbua hata hivyo. Zijaribu siku moja kabla.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nina simu tu. Inawezekana?

Marahaba. Inawezekana. Malik Bendjelloul alipokuwa anamalizia filamu yake ya Rodriguez, mwimbaji wa Detroit aliyekuwa fundi wa kubomoa nyumba huku Afrika Kusini wakimwona shujaa bila yeye kujua, hela ya filamu ya milimita nane ilimwishia. Akamalizia vipande vilivyobaki kwa simu, kwa programu iliyouzwa kwa kama dola moja. Searching for Sugar Man ilipata Oscar mwaka 2013.

Ila simu nyingi hurekodi idadi ya fremu inayopandashuka, na baada ya dakika mbili midomo na wimbo vinaachana. Tafuta programu inayofunga fremu zisibadilike. Na sauti usiichukue kwa simu hiyohiyo.

Lazima nyota afe mwishoni?

Nashangaa mnavyopenda kuwaua. Kati ya skripti za roki nilizoletewa, sijui kama kuna mbili ambazo mhusika alifika miaka thelathini na tano. Rodriguez alikuwa hai, akaenda kupiga Afrika Kusini mwaka 1998, na furaha ya filamu nzima iko hapo. Ila nayo ina doa: ilinyamazia kwamba Rodriguez alikuwa anajulikana Australia na alishafanya ziara huko mwaka 1979 na 1981. Ukiuacha ukweli nje ili mwisho uwe mtamu, kuna mtu atautafuta na kuuleta. Afadhali kugundua mapema ukaandika skripti nyingine.

Roki na Kiswahili vinaendana kweli? Si itabidi iwe Kiingereza?

Dar ya miaka ya 1970 ilikuwa na Sunburst, waliochanganya roki na midundo ya huku, na albamu yao Ave Africa ilitoka 1976. Jirani zetu Zambia walikuwa na WITCH na wenzao, mpaka roki yao ikapewa jina, Zamrock. Nairobi leo ina bendi za metali zinazopiga mpaka nje ya bara. Kama Mtuareg aliweza kwa lugha isiyo na neno la zambarau, wewe mwenye lugha yenye zambarau unaogopa nini?

Vibali?

Tanzania Bara ni Bodi ya Filamu, Zanzibar ni BASSFU, Kenya ni KFCB. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi. Droni ina kibali chake cha usalama wa anga, usiirushe kwa kujaribu. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukiwa na barua, uende mwenyewe, usimtume kijana. Karatasi zote zikiwa sawa na mwenyekiti hakujui, hutapiga picha hata moja.

Marafiki wananisaidia bure. Bado niwaandikie mkataba?

Hao ndio wa kuandikiwa kwanza. Mwongozaji wa Once aliacha mshahara wake waupate wahusika wawili wakuu, na wote walijua. Kwetu tunasema "tutaonana huko mbele", na huko mbele ndiko tunakogombania. Ukurasa mmoja unatosha: nani anamiliki filamu, nani anamiliki nyimbo, ikiuzwa nani anapata asilimia ngapi, jina lake litaandikwaje. Bendi ibaki na nyimbo zake, wewe upate haki ya kuzitumia ndani ya filamu hii na matangazo yake, kila nchi, bila kikomo cha muda. Hilo la kila nchi usilisahau. Kuna mtu aliandikiana na bendi kwa "Tanzania" tu, tamasha la nje likamwita, bendi ikawa imeshavunjika na wanachama hawasemeshani. Ilibidi apatanishe watu kabla ya kupeleka filamu.

Nikimaliza niipeleke wapi?

Matamasha kwanza, YouTube mwisho. Matamasha mengi yanataka filamu ambayo haijaonekana, na ukishaipandisha mtandaoni hairudi. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ni nyumbani, na pale Ngome Kongwe chini ya nyota, filamu ya muziki ina bahati yake. Tuma nakala yenye manukuu, na manukuu ya nyimbo yapitiwe na mtunzi mwenyewe. Sisi tuliyaacha kwa mfasiri wa kulipwa kwa ukurasa, akageuza "gitaa kali" kuwa gitaa lenye hasira, na wageni wakacheka pale tulipotaka walie.